Ubao Mfupi wa Mbio: Papasa Mkia Kwanza

Tangu kusi lianze kuvuma napokea malalamiko yaleyale kutoka kwa watu tofauti. "Dada, nimenunua ubao wa mawimbi kwa mtu, futi 5 na inchi 8, kwa macho hauna shida, lakini hauendi. Wimbi linaniacha." Mmoja wa Lindi ameshabadilisha mapezi, amekwangua nta yote na kupaka mpya, na wenzake wakamwambia kitambi ndicho kinachomchelewesha. Nikamwomba picha ya mkia, upande wa chini. Kitambi hakina kosa.

Habari za urefu na lita, yaani ujazo wa ubao, hutazipata hapa. Hizo utaambiwa na kila mtu, hata asiyejua kuogelea.

Ninaowaandikia ni wale wanaotaka mbio kwenye mawimbi ya rasi, yaani yale yanayokuta ncha ya nchi kavu, yakapinda na kuvunjika kidogo kidogo kuelekea ndani ya ghuba. Jeffreys Bay ya Afrika Kusini ndiyo inayotajwa zaidi, hasa kile kipande chake cha Supertubes. Marekani wana Rincon, Moroko wana Anchor Point. Sisi Madagaska inatukinga na sehemu ya mawimbi makubwa ya kusini na matumbawe yanamalizia kazi, kwa hiyo sisemi Mtwara ni Jeffreys Bay. Lakini kusi likikaza, maji yakiwa nusu, ipo rasi moja ambayo wimbi lake linakimbia kwelikweli. Siitaji. Tunaoijua tunatosha.

Wimbi la hivyo linavunjika huku likikufukuza, na ukipunguza mwendo limeshakufunika. Ubao wake uwe na tumbo lililonyooka: ukiulaza juu ya sakafu, pua isiwe imepinda juu sana, kwa sababu mpindo mkubwa unasukuma maji badala ya kupita juu yake. Upana uendelee mpaka karibu na mkia. Ndiyo maana umbo la samaki, lile la mkia uliogawanyika alilolianzisha Steve Lis wa San Diego miaka ya 1960 kwa ajili ya kuteleza akiwa amepiga magoti, bado linaheshimika kwa mbio. Mapezi manne yanashika ukuta wa wimbi refu bila kukuvuta nyuma kama pezi la tatu la katikati linavyofanya. Mapezi ya mbele yakielekezwa sana kwa ndani, ubao unageuka kirahisi lakini unapoteza mwendo.

Hayo yote muuzaji anaweza kukuimbia. Asichokisema ni kona ya mkia.

Ukingo wa ubao mfupi hauko sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu ya mbele na ya katikati huwa mviringo ili usikwame kwenye uso wa wimbi. Ukikaribia mapezi, ukingo wa chini unaanza kuwa kona, na kona hiyo inaendelea kuwa kali mpaka mwisho wa mkia. Kazi yake ni kuyakata maji. Maji yanayopita chini ya ubao yakikuta mviringo hayaachii. Yanaufuata, yanapanda ubavuni na kuuvuta mkia chini. Yakikuta kona kali yanaachia palepale na ubao unaruka mbele. Jaribu na bomba la jikoni: mgongo wa kijiko ukigusa mkondo wa maji, maji yanaufuata kijiko. Mkia uliopoteza kona unateleza baharini kwa mgongo wa kijiko.

Na huku kwetu kona hizo zinapotea kwa njia moja. Mbao nyingi zinazopita mikononi mwetu zimeachwa na wageni waliokuwa wakirudi kwao, zikiwa zimegonga mwamba mara kadhaa. Zinapelekwa kwa fundi wa boti za fiba. Fundi wa boti ni fundi kweli, simdharau, lakini boti yake haidai kona ya milimita moja. Anabandika fiba, anamimina rezini, ile gundi inayoigandisha, kisha anashika msasa kwa kiganja na kuuzungusha ubavuni mpaka pote pawe laini. Ubao unarudi unang'aa. Mbio zimebaki chini ya meza pamoja na vumbi.

Mbaya zaidi ni ukingo mmoja kutengenezwa na mwingine kuachwa. Hapo ubao unaachia maji upande mmoja na kung'ang'ania upande wa pili, na wewe unaambiwa husimami vizuri.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, geuza ubao tumbo juu. Weka ukucha ubavuni, katikati ya ubao, uuburute taratibu kuelekea mkiani. Lazima ufike mahali ukucha uanze kukwaruza kona, na kona isipotee tena mpaka mwisho. Fanya hivyo pande zote mbili, na kona zianze mahali palepale. Kisha chukua kadi ya benki, ilaze bapa kwenye tumbo la ubao karibu na mapezi, uisogeze nje mpaka ivuke ukingo, na mwenzako amulike kwa tochi ya simu. Mwanga ukipenya chini ya kadi kabla ya kufika ukingoni, pale pameshasagwa. Rangi ya njano isikutishe, hiyo ni jua tu.

Sasa nizipange mbao za kutafuta, na sifichi ninakoegemea.

Namba moja ni ubao uliotumika wa kampuni ya Channel Islands, wa povu la poliurethani. Al Merrick aliianzisha kampuni hiyo Santa Barbara, Marekani, mwaka 1969, jirani kabisa na Rincon, na Tom Curren alikuwa akipanda mbao zake alipokuwa bingwa wa dunia 1985 na 1986. Watu waliokua na wimbi la rasi mlangoni wanajua mkia wa kuachia maji ukoje. Hata zile za zamani nilizozishika, ambazo hazijapita kwa fundi, kona yake bado inakwaruza ukucha. Na povu la poliurethani linakubali rezini ya poliesta, ambayo kila fundi wa boti anayo.

Ya pili ni ya kuchongesha Durban. Pale wana Safari, karakana ya mchongaji Spider Murphy, aliyemchongea Shaun Tomson, bingwa wa dunia wa mwaka 1977. Wanajua Jeffreys Bay bila kuhadithiwa. Naiweka ya pili kwa sababu ya kuusafirisha tu.

Ya tatu ni ubao wa Seaside wa kampuni ya Firewire, alioubuni Rob Machado, wenye mapezi manne. Majini una mbio pengine kuliko zote hizi. Lakini ndani una povu jeupe la punje, lilelile la maboksi ya samaki, na poliesta ya fundi wetu inaliyeyusha likabaki shimo. Unadai rezini ya epoksi. Ukiwa Mikindani na ubao umepasuka, epoksi utaiagiza Dar es Salaam na msimu utaisha.

Zile za bei rahisi zinazotolewa kwenye kalibu, kona zake ni butu tangu kiwandani. Za sponji hazina kona kabisa.

Ukiwa tayari umeuziwa mkia wa mviringo, unarekebishika. Bandika utepe wa karatasi kando ya ukingo, usimame juu kidogo ya tumbo kama kizuizi, mimina rezini kwenye pengo, ikikauka bandua utepe. Msasa uuzungushie kipande cha mbao kilichonyooka, upige bapa kutoka tumboni tu. Ukimwachia fundi, simama hapo hapo mpaka amalize.

Nirudi kwa wauzaji, maana wamenichosha. Tangazo lina picha sita, zote za pua na machweo. Bei "njoo inboksi". Ukienda inboksi unaambiwa umetumika mara mbili tu, wakati tumbo lina viraka kuliko neti ya jarife. Ukiomba picha ya mkia anajibu, "Kwani wewe unanunua au unakagua?" Mmoja aliniomba milioni moja na laki mbili, na mapezi alishayang'oa akayauza kivyake. Mtwara mapezi hayo huyapati dukani, na ya mfumo wa FCS hayaingii kwenye tundu za mfumo wa Futures, kwa hiyo huwezi hata kuazima ya jirani kabla hujajua una tundu gani. Asipokuwa nayo mkononi, kata bei ya seti nzima pamoja na nauli ya kuileta, tena kabla hamjaanza kupatana.