Kuteremka mlima na gari la otomatiki: N au L?

Madereva wengi wakifika kileleni husukuma gia hadi N (gia huru, injini haisukumi magurudumu), gari liserereke lenyewe, wakiamini wanabana mafuta. Kwa gari la injekta, yaani ambalo kompyuta yake ndiyo inayopima mafuta ya kuingia kwenye injini, hesabu hiyo haitoki. Ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali ya mafuta, kompyuta kwa kawaida hukata mafuta, maana magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwenye N, injini lazima iunguze mafuta ili isizimike.

Na hilo ndilo dogo. Kubwa ni breki, kwani kwenye N zinabeba mzigo wote peke yake. Zikichemka, harufu ya kuungua inaingia ndani, unakanyaga na gari linazidi kwenda.

L, yaani gia ya chini (au 2, au S, inategemea gari), huifanya injini ilishike gari. Punguza mwendo kwanza, ndipo ushushe gia. Injini itanguruma na mshale wa mizunguko ya injini utapanda. Usishtuke, mradi haugusi pekundu. Breki ikanyage kwa vipindi, usiilalie.

Mimi N naiachia gari linalosukumwa kwa mikono, basi.