LibreOffice katika duka la uchapaji: msimbo ukikosea, nani anajibu?

Ni mwaka wa tatu sasa tangu duka letu la uchapaji karibu na Marikiti, hapa Mombasa, lianze kutumia LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia hati na kupigia hesabu, katika kompyuta zake zote, kwa ankara za wauza viungo, barua za maombi ya kazi na hesabu za karo za madrasa. Ninaipendekeza bila kusita. Hailipiwi, haihitaji intaneti, na hata kwenye mashine zetu kuukuu inafanya kazi. Hati ya Word iliyoandikwa kwa fonti ambayo hunayo huweza kuhama mistari, kwa hiyo mwombe mteja akuletee PDF ikiwa anataka kuchapa tu. Jambo lililonifanya niandike tathmini hii ni jingine: leseni yake, MPL 2.0, inasema waziwazi kwamba programu inatolewa jinsi ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote, nami ninaitumia kuandika fedha za watu.

Kilichonituliza ni kuona jinsi kazi inavyofanyika. Mradi huu ulijitenga na OpenOffice.org mwaka 2010 chini ya wakfu wa The Document Foundation wenye makao Berlin. Baadhi ya waandishi wa msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha programu, hulipwa na kampuni kama Collabora na wengine hujitolea, lakini mabadiliko yao hupitishwa katika mfumo wa Gerrit, ambako mashine huyajaribu na mwenzao huweza kuyasoma na kuyakataa kabla hayajaingia. Hitilafu nazo huorodheshwa Bugzilla, mahali ambapo hata mimi ninaweza kuzisoma.

Viongezi, yaani programu ndogo zinazochomekwa ndani ya LibreOffice, ni habari nyingine. Tulichomeka kimoja, kazi ya mtu mmoja aliyejitolea, kinachogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili katika stakabadhi. Kilitufaa kwa miezi mingi, hadi mzee mmoja muuza iliki alipoweka kidole chake chini ya mstari na kuniuliza, "Mwanangu, elfu zangu tano zimekwenda wapi?" Tarakimu zilisema 105,000, maneno yalisema "laki moja na tano". Nilimwomba radhi, nikamchapia nyingine, kisha nikafungua msimbo. Ndani kabisa, mahali ambapo mtumiaji hafiki, mwandishi alikuwa ameandika kwamba hajajaribu kiasi kinachozidi 99,999.

Hapo ndipo ninapomlaumu, na hapo tu. Mtu anayejitolea hanidai wala simdai saa zake za usiku. Hata hivyo, akishaitoa kazi yake watu waitumie, anawajibika kuwaambia, mahali wanapoweza kuona, imejaribiwa hadi wapi. Angeiweka sentensi ile moja kwenye ukurasa wa kupakulia, nami nisingekitumia kiongezi hicho kwa malaki.

Lakini nami nilikuwa na sehemu yangu, kwa kuwa nilikuwa nimechapa stakabadhi kwa miezi bila kumpa hata neno moja. Mzigo wa namna hiyo ukimlemea mtu peke yake huwa hatari, kama ilivyoonekana Machi 2024 katika xz, programu ndogo ya kubana faili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux: mtunzaji wake aliyechoka alikuwa amepokea msaidizi, na msaidizi huyo akapenyeza mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Uligunduliwa na mhandisi wa programu, Andres Freund, ambaye alishangaa kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, naye hakupuuza.

Nilimwandikia mwandishi wa kiongezi kwa adabu na kumwambatishia viwango ishirini, kila kimoja na maneno yake sahihi, kuanzia "elfu moja na tano" hadi "milioni mbili, laki tatu na elfu hamsini". Alijibu baada ya siku tisa, akaeleza kwamba Kiswahili si lugha yake ya nyumbani, akaviingiza viwango vyangu vyote katika majaribio yanayoendeshwa kabla ya kila toleo, na tahadhari ya kikomo akaipandisha juu ya ukurasa. Toleo jipya tunalitumia. Stakabadhi yoyote iliyofika laki, hata hivyo, kijana wetu wa kaunta huisoma kwa sauti mbele ya mteja kabla ya kuipiga muhuri.