Chumba cha vioo hapana, chumba cha mhasibu sawa

Nilikodi chumba cha mikutano kwenye ghorofa moja maeneo ya Victoria, Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Nilitoka pale nimekasirika, kwa hiyo nimejipa wiki mbili kabla ya kuandika. Jina lao sitalitaja hapa.

Mimi ni mkalimani. Safari hii nilikuwa na diposisheni ya Marekani kwa njia ya video. Shahidi huapishwa na kuhojiwa na mawakili kabla kesi haijasikilizwa mahakamani, na kila neno linaandikwa. Kanuni za mahakama zao za shirikisho zinatoa saa saba za mahojiano kwa siku moja, mapumziko hayahesabiwi. Sasa saa tatu asubuhi ya New York, kipindi cha joto lao, ni saa kumi jioni hapa kwetu. Piga hesabu mwenyewe utamaliza saa ngapi. Nyumbani kwangu Tabata kuna baa upande wa pili wa ukuta, nisingeweza.

Kesi yenyewe siisemi, nimesaini. Aina yake naweza kusema: mfanyakazi amelalamika kazini, kisha anadai ameadhibiwa kwa kulalamika. Kesi za namna hiyo zinaburuta mambo ya watu wengi, mishahara ya wenzake, vyeti vya hospitali, mafaili ya watu wasiohusika. Ndiyo maana upande mmoja huomba amri ya ulinzi kwa Kanuni ya 26(c) ya kanuni hizohizo, au pande zote zikakubaliana. Jaji akiridhika kuna sababu ya msingi anaweza kupanga nani awemo chumbani, maswali gani yasiguswe, na maandishi yafungwe hadi aseme mwenyewe. Wenzangu wengi wanaichukulia kama ngao ya mabosi, na kweli mabosi wakubwa hukimbilia huko ili wasihojiwe. Lakini mwaka 2004, katika kesi ya Rivera dhidi ya NIBCO, mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia California na majimbo mengine ya magharibi iliunga mkono amri iliyomzuia mwajiri kuwauliza wanawake wahamiaji habari za karatasi zao za uhamiaji. Wale walikuwa wamepewa mtihani wa kazi kwa Kiingereza wasichokijua vizuri, wakafeli, wakaondolewa. Kesi yao ilihusu ubaguzi, si kisasi, ila hofu ni ileile: nani atathubutu kushtaki akijua swali la kwanza litakuwa la viza?

Basi na mimi, mkalimani, amri inanibana. Nisirekodi, nisisimulie, na asisikie mtu mwingine.

Haya, chumba. Kizuri kwa macho: vioo pande tatu, kiyoyozi, meza pana, intaneti ya waya (hapo nawapa heko, haikukatika hata umeme ulipokatika saa moja jioni na jenereta kuwaka). Nikaapishwa, tukaanza. Dakika ya ishirini nasikia kutoka chumba cha pili, waziwazi kabisa: "Mjomba wa bwana harusi ameahidi laki mbili, mpaka leo hajatoa!" Kamati ya harusi. Kama mimi namjua mjomba asiyetoa ahadi, wao wanamjua shahidi wangu.

Nikaomba tusimame. Wakili mmoja akataka nizungushe kamera chumba kizima, nikazungusha, na hapo juu ya mlango ikaonekana kamera ya ulinzi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kijana wa mapokezi ndiye aliyeniokoa. "Samahani mama, kamera ile inachukua picha tu, sauti haichukui." Nikamwambia mwanangu, hata picha sitaki. Hakubishana. Akanipeleka chumba cha mhasibu, ndani kabisa, kuta za matofali, hakuna dirisha wala kamera, feni moja inayolia kama bata. Akavuta waya wa intaneti kutoka korido, akarundika mafaili pembeni, akakaa nje ya mlango mpaka saa sita usiku asipite mtu. Chai aliileta, akagonga mlango na kuiacha chini. Joto lilinichemsha, lakini kazi ilikwisha bila mtu kulalamika.

Bei ni shilingi 20,000 kwa saa, 30,000 kuanzia saa mbili usiku. Dakika arobaini za kuhamahama, ambazo zilikuwa jioni, walizihesabu kuwa saa nzima ya usiku. Meneja alinijibu kwa simu kwamba chumba ni chumba. Tulivutana hadi wakaitoa hiyo saa. Nilichokasirikia zaidi ni kwamba siku ya kuweka nafasi nilimuuliza kama sauti inatoka nje, akasema "haitoki hata kidogo, dada yangu".

Nawapa nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za yule kijana. Kwa semina au usaili wa kazi, chumba cha vioo kinatosha. Ukiwa na jambo la siri, omba cha mhasibu siku mbili kabla, na beba feni yako.