Gongo la softboli la bint yangu, mara hii tumepatia

Asalaam aleykum, naandika kwa wazazi wenzangu wa hapa Unguja ambao watoto wao wanacheza softboli, khasa ile ya mpira kurushwa kwa kasi kutoka chini. Bint yangu ana miaka 11 na gongo la mwanzo tulouziwa duka moja la mjini kumbe lilikuwa la besiboli, inchi 32, zito, akilizungusha mpira ushampita zamani, viganja vikamchubuka hadi akataka kuacha, roho iliniuma mno.

Hili la sasa nlilipata mitumbani Darajani, la aluminiamu, urefu inchi 30 na uzito aunsi 19, ndo maana limeandikwa -11, ukitoa inchi kwenye aunsi ndo unapata hio, na upana wake ni inchi 2¼ ambao ndo wa softboli. Kabla sijalipa nlimpa alishike kwa mkono mmoja kaunyoosha ubavuni, nkahesabu taratibu mpaka 20, mkono haukutetemeka, nkajua hili analimudu. Nkalipitisha ukucha lote kutafuta ufa, zima kabisa. Mshikio tu ndo umeliwa, nkauzungushia utepe wa raketi.

Ya kompoziti, yani ya nyuzi za kaboni zilogandishwa kwa gundi, yanasifiwa sana lakini mapya yanataka kupigia mipira mingi kwanza ndo yalegee yapige vizuri, na la mtumba ufa wa ndani huuoni, mie sithubutu.

Juzi kapiga, tiiing, mpira ukenda mpaka minazini, nlimuangalia viganja, havina hata alama.