Brothers in Arms: kanda aliyoileta mjomba

Mjomba alikuwa baharia. Mwaka 1986 meli yake ilipotia nanga Tanga, alishuka na sabuni za kunukia, suruali mbili za jinzi na kanda yenye picha ya gitaa la chuma linaloelea mawinguni. Suruali zilinibana zote mbili. Kanda nikaichukua. Nilikuwa na miaka 15.

Ilikuwa Brothers in Arms, albamu ya bendi ya Kiingereza ya Dire Straits, iliyotoka mwaka 1985. Wimbo wa pili, Money for Nothing, unaanza na sauti nyembamba ya mwimbaji Sting akidai MTV yake, na sisi vijana wa Ngamiani tukawa tunaidai kila jioni barazani, pua tumezibana. Wakati huo Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na hakikupatikana mpaka 1994. Wazanzibari walikuwa nacho tangu 1973, lakini MTV nani angeijua? Mwenzetu mmoja alishikilia kuwa ni aina ya pikipiki, na alikuwa tayari kupigana.

Mjomba ndiye aliyetufungua macho: MTV ilikuwa televisheni ya muziki ya Marekani. Anayesema kwenye wimbo ule ni mfanyakazi wa duka la vyombo vya umeme, anabeba majokofu huku anawatazama wanamuziki kwenye televisheni na kunung'unika kwamba wale hawafanyi kazi, wanachezea hela za bure. Hapo tukaelewa vizuri sana. Makuli wa bandarini walikuwa wakisema hayo hayo kuhusu watu wa bendi.

Sasa gitaa. Nyumbani kwetu tulilelewa na solo ya Mbaraka Mwinshehe, inayotiririka kama maji ya bomba lililosahauliwa. Mark Knopfler, mpiga gitaa na mwimbaji wa Dire Straits, anapiga kwa vidole vitupu, na ana ubahili: noti mbili tatu, ananyamaza, halafu anajijibu mwenyewe. Mwanzoni nilidhani hajui. Ilinichukua mwezi mzima kutambua kwamba ule ukimya nao anaupiga.

Walk of Life sikuupenda na mpaka leo siupendi, kile kinanda kinanichosha. Lakini geuza kanda. Upande wa B unaanza na Ride Across the River, besi inatembea kama ya rege na maneno ni ya mamluki, neno ambalo miaka ile mtoto wa Tanzania hakuhitaji kufafanuliwa. Kisha The Man's Too Strong, mzee wa vita anaungama taratibu, na kila ukidhani umetulia magitaa yanakuangukia kama bati la paa. Wimbo wa mwisho, uliobeba jina la albamu, Knopfler aliutunga kipindi cha vita vya Falklands, kati ya Uingereza na Argentina. Jirani yetu aliyepigana vita vya Kagera hakujua Kiingereza, lakini ukifika huo alikuwa anasimama mlangoni mpaka uishe. Siku moja alisema tu, "Huyu jamaa kachoka."

Ukitaka kuisikiliza, usianze na santuri ya mwaka 1985. Nyimbo kadhaa za upande wa kwanza zilifupishwa ili zienee; urefu wake kamili uko kwenye kanda na CD. Money for Nothing peke yake inapita dakika 8, na hakuna hata moja ya kutupa.

Urefu kamili mimi sikukaa nao sana. Redio ya jirani iliila ile kanda katikati, pale saksafoni ya Michael Brecker inapoingia kwenye Your Latest Trick. Nikakata kwa wembe, nikaunga kwa selotepu, nikairudisha kwa kuzungusha kalamu. Ila utepe ni mmoja: ukiukata upande A umeukata na B. Huko upande wa B nilipoteza mkia wa One World, ambao sikuulilia, na mwanzo wa Brothers in Arms. Kwa hiyo kwangu wimbo ule ulianza na gitaa, ghafla, na niliuzoea hivyo kwa miaka zaidi ya 15.

Baadaye nikanunua CD. Jumapili mchana, niko peke yangu sebuleni, One World ikaisha, na nikasikia radi inanguruma kwa mbali. Nikainuka mbio kwenda uani kuanua nguo. Jua lilikuwa linawaka.