Kibanda cha muvi Ngamiani: angalieni mwisho kabla hamjalipa

Nina miaka mitatu narushiwa muvi kwenye kibanda kimoja hapa Ngamiani, Tanga. Unakwenda na flashi yako, unachagua, unalipa shilingi 500 kwa muvi moja, ukichukua nyingi unapunguziwa. Kijana wa pale ana adabu na kazi yake anaijua. Ndiye aliyenipatia Devdas ya mwaka 2002, ya Shah Rukh Khan na Aishwarya Rai, picha safi na nzima, zaidi ya saa tatu.

Niliitazama na mama. Sisi tuliokulia kwenye muvi za Kihindi tunajua kwamba steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, lakini atarudi tu. Humu steringi, Devdas mwenyewe, aliahidi kwamba kabla hajafa atafika mlangoni kwa Paro, yule mpenzi wake aliyeozwa kwa mwingine, na anafika kweli, mahututi, analazwa chini ya mti nje ya geti. Paro akijua ni yeye anakimbia kushuka ngazi, sari ndefu inaburuzika nyuma, na mumewe keshaamuru geti lifungwe. Ile taa ya mafuta aliyoitunza isizimike tangu Devdas alipokwenda Uingereza, inazimika. Mama alikuwa ameuma pindo la kanga. Geti lilipofungwa akasema polepole, "Hatua kumi tu, mwanangu. Zilibaki hatua kumi." Tukalala bila kuongea.

Mimi muvi ya mapenzi naipima kwa mwisho wake. Ikinifikisha harusini na nyimbo nafurahi, lakini kesho nimeshasahau. Wanaoachana huku bado wanapendana, hao nakaa nao wiki nzima. Ndiyo maana nikarudi kuomba Roman Holiday, ambayo niliiona zamani nikatamani mama naye aione. Ni ya mwaka 1953, haina rangi. Audrey Hepburn, aliyepata Oscar kwa muvi hii, ni binti mfalme anayetoroka walinzi wake mjini Roma, na Gregory Peck ni Joe, mwandishi wa habari anayempokea.

Nakala niliyopewa ilikuwa imetafsiriwa, yaani mtafsiri anaongea Kiswahili juu ya sauti ya muvi. Siwabezi watafsiri hata kidogo, muvi za ngumi wao ndio waliozinogesha, na mama Kiingereza hakijui. Lakini mwisho wa muvi hii unataka kuachwa. Binti mfalme amerudi kwenye kazi yake, anaulizwa mbele ya waandishi ni mji gani ulimpendeza zaidi. Anaanza na jibu la kidiplomasia alilofundishwa, anasita, kisha anasema Roma. Anawapa waandishi mkono mmoja mmoja, na Joe naye anapewa mkono kama mgeni tu. Anaondoka. Ukumbi unakuwa mtupu, Joe anatembea peke yake, mikono mfukoni, viatu vinasikika sakafuni, anageuka kutazama alikotokea. Hakuna anayesema neno.

Kwenye nakala yangu mtafsiri aliongea hapo bila kupumzika, akaanza na kututangazia muvi zake nyingine, halafu picha ikakatika Joe akiwa katikati ya ukumbi.

Mama akaniuliza, "Sasa huyo bwana kaenda wapi?"

Niliumia sana. Nilimsifia mama muvi hii mwezi mzima, halafu kilicholiwa ni kile hasa nilichotaka akione. Kesho yake nikaenda na flashi mkononi. Kijana hakubisha. "Samahani, dada, na mimi niliipokea hivyohivyo." Akanitafutia ya asili, ile yenye maandishi chini, na hakunidai hata senti. Kwa hilo nampa nyota nne kati ya tano, na nitaendelea kwenda kwake. Ya tano ataipata siku atakapoanza kuzifungua mwenyewe kabla ya kuziuza. Kwa sasa nawe mwambie akufungulie dakika kumi za mwisho papo hapo, na kama ni ya mapenzi uliza kwanza kama anayo ya asili.

Usiku ule nilimtafsiria mama mwenyewe, nimekaa ubavuni kwake, neno kwa neno. Ukumbi ulipobaki mtupu nikanyamaza. Tukavisikiliza viatu vya Joe mpaka akatoka.

"Irudishe kidogo," mama akasema. "Pale anapogeuka."