Elfu sitini za kompyuta pale Mwanga: nilichopata na nilichodai

Ziwa Tanganyika lilipofungwa tarehe 15 Mei 2024, sisi wauza dagaa wa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, tulikaa miezi mitatu mikono mitupu. Uvuvi ulisimamishwa hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sasa mtu uliyezoea kila alfajiri kuwa mwaloni unagombania ndoo, ukiambiwa ukae nyumbani mpaka saa nne asubuhi, unaugua. Wiki ya pili nikawa nagombana na watoto kwa ajili ya kijiko. Mdogo wangu akasema, "Dada, si uende hata ukajifunze kompyuta." Alikuwa ananifukuza kwa heshima. Nikaenda.

Kituo kiko Mwanga, nyuma ya maduka, chumba kimoja chenye bango: kompyuta kamili na mitandao ya kijamii, wiki nne, cheti. Jina nalihifadhi, kwa sababu kuna jambo walinikosea na bado tunasalimiana njiani. Nililipa 60,000, nusu siku ya kwanza na nusu wiki ya tatu. Wanafunzi kumi na mmoja, kompyuta sita za mezani, na moja kipanya chake kilikuwa kinakubali kwenda kulia tu. Tukakaa wawili wawili. Mimi nikapangwa na mzee mmoja mstaafu wa reli.

Mzee yule alikuwa karani, amegonga taipureta miaka na miaka. Herufi za kibodi zimepangwa vilevile kama za taipureta, basi vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe huku anatazama dirishani. Mimi nilikuwa natafuta herufi kama anayechambua mchele. Ila alikuwa na ugonjwa wake: kila akifika mwisho wa mstari anabonyeza Enter. Ukija kuongeza neno moja katikati, barua nzima inakatikakatika. "Mzee, acha mstari ushuke wenyewe," mwalimu alimwambia kila siku kwa wiki nzima. Na ni mzee huyo aliyetuambia kile kialama cha kuhifadhi ni picha ya nini. Vijana walidhani ni friji. Kumbe ni disketi, kitu cha zamani cha kuhifadhia faili, ambayo wao hawajaishika maishani, na sidhani kama wataishika.

Jambo lililonirudishia nusu ya ada yangu nililipata siku ya pili: Ctrl pamoja na Z. Unachokosea kinarudi kama kilivyokuwa. Mpaka siku ile nilikuwa naiogopa kompyuta kama sahani ya mgeni, nikiigusa nahisi nitaharibu kitu nitalipishwa. Nilipojua kwamba kosa linarudi, mkono ulilegea. Kama una mama au shangazi unayetaka kumfundisha, anza na hiyo, kabla hata ya kumwonyesha namna ya kuandika jina lake.

Ctrl na S, ya kuhifadhi, tulifundishwa na umeme wenyewe. Siku ya nne nilikuwa nimeandika orodha yangu ya bei, dagaa, migebuka mikavu na mawese, ukurasa mzima, mara giza. Kituo hakina kifaa cha kushikilia umeme. Ulipowaka, ukurasa ulikuwa mweupe. Ile Ctrl Z niliyoisifia haikusaidia kitu, maana ilikuwa imekufa pamoja na mashine. Tangu hapo kidole changu kinabonyeza Ctrl S kila baada ya sentensi, mpaka leo, hata nikiwa sina kipya cha kuhifadhi.

Habari ya flashi pia walitufundisha vizuri. Flashi zetu zinazunguka kila steshenari ya mji huu kuprinti, zinarudi na virusi. Unafungua unakuta mafolda yamegeuka vijialama vya njia ya mkato, na faili zako huzioni. Watu wengi hapo wanaifomati flashi na kupoteza kila kitu. Usifomati. Mara nyingi faili zimefichwa tu: chagua kuonyesha vilivyofichwa, utaziona zimefifia rangi, zihamishie kwenye kompyuta salama, usibonyeze vile vijialama. Siku hizi kitu cha kuprinti nakihifadhi kwanza kama PDF ili mistari isihamehame, kisha nakituma kwa barua pepe, na flashi inabaki nyumbani.

Excel walitupitisha mbiombio siku mbili. Nilijifunza kujumlisha daftari la madeni, ikatosha.

Wiki ya tatu tukaingia mitandao, na hapo ndipo nina maneno. Mwalimu alituwekea WhatsApp kwa Kiswahili. Sehemu ya mazungumzo ikasomeka Soga, na mama mmoja muuza vitenge akagoma: hajalipa elfu sitini kuja kupiga soga. Tulicheka mpaka somo likaharibika. Lakini mambo mawili ya siku ile yameniokoa. La kwanza ni kuzima upakuaji wa picha na video unaojiendesha, kwenye mipangilio, upande wa hifadhi na data. Mimi niko kwenye makundi saba, la ukoo, la kanisa, la kikoba, na bando la wiki lilikuwa linaisha siku ya tatu kwa video za watu wanaocheza harusini.

La pili ni uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita unayojiwekea mwenyewe. Mwezi wa kumi ulikuja ujumbe kutoka namba ya mpwa wangu: "Shangazi, kuna namba sita zimekuja kwako kimakosa, nirushie haraka." Na kweli ziliingia muda uleule, zile za kufungulia WhatsApp yangu kwenye simu nyingine. Nilikuwa nimeshaanza kuziandika. Kilichonishtua ni kwamba mpwa wangu huyo hajawahi kunisalimia kwa "Shangazi" akaacha "shikamoo". Nikampigia. Kumbe WhatsApp yake walishaichukua tangu asubuhi, na huyo niliyekuwa naongea naye alikuwa tapeli akitafuta na yangu. Hata ningezituma zile namba, angekwama kwenye PIN. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nao nimewapunguza: namba ya tapeli unaituma kwenda 15040. Na ukipiga *106# unaona laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mzee wa reli alikuta moja asiyoijua. Alinyamaza muda mrefu, akavaa kofia, akatoka kwenda kuiulizia.

Sasa kosa. Wengi wetu hatukuwa na barua pepe. Ili somo liende haraka, mwalimu akatufungulia akaunti za Facebook kwa barua pepe zake mwenyewe, paswedi moja kwa darasa zima, akaiandika ubaoni. Hatukujua kuuliza. Nikafungua ukurasa wa dagaa wangu, nikaupenda kama mtoto. Ziwa lilipofunguliwa nikaanza kuposti.

Namna ya kuposti hawakufundisha. Walitufundisha kubonyeza tu. Nimejifunza kwa wateja. Mteja wa Dar es Salaam ana swali moja, "Hawana mchanga?", kwa sababu dagaa wengine huanikwa chini. Nilikuwa naandika "dagaa safi wa Kigoma", na kila mtu anaandika hivyo, hata muuza mchanga. Siku moja nikatandika kitambaa cheupe, nikamimina dagaa wa kwenye chanja, nikawasuguasugua kwa viganja, nikawaondoa, nikakunguta kitambaa mbele ya kamera. Sekunde ishirini, sikusema neno. Wiki ile nilipakia ndoo tisa kwenye basi. Bei naiandika palepale. Hii tabia ya "bei njoo inbox" siipendi nikiwa mnunuzi, sioni kwa nini niipende nikiwa muuzaji.

Mwezi wa kumi na moja simu yangu ikaanguka majini pale Kibirizi. Nikanunua nyingine. Facebook ikataka kuhakikisha ni mimi, ikatuma namba ya siri kwenye barua pepe. Ya nani? Ya mwalimu. Mwalimu keshaacha kazi, yuko Kasulu, na hiyo barua pepe paswedi yake ameisahau, eti alizifungua nyingi. Watu zaidi ya mia nne waliokuwa wananifuata wakabaki ng'ambo ile, mimi huku.

Nilirudi kituoni kudai. Sikupiga kelele, nilikaa tu kwenye benchi na ndoo yangu mpaka mkuu akaona wateja wananitazama. Pesa hakunirudishia. Alinipa wiki ya Excel bure, ambayo sikuihitaji, akaniahidi kwamba darasa lijalo kila mtu atafungua barua pepe yake kwanza, siku ya kwanza kabisa. Nilipita pale mwezi uliofuata kuchungulia. Wameanza na barua pepe kweli. Ile paswedi ya ubaoni wameifuta, ingawa ukikaa upande wa dirishani bado unaisoma.

Cheti kiko kabatini. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kwa mtu asiyejua hata kuwasha, nitamwambia aende, alipe kwa nusu kama mimi, na aandike barua pepe na paswedi zake kwenye daftari lake mwenyewe, mwalimu akiwa amegeuka.

Ukurasa ule wa kwanza bado upo. Kitambaa cheupe, viganja vyangu, kila kitu. Juzi mtu wa Morogoro ameuliza pale ndoo ni shilingi ngapi. Nimemwona nikiwa kwenye ukurasa mpya, nikamjibu kama mgeni aliyepita njia: "Huyo mama namjua, amehamia huku, njoo."